Sura ya Papa kwenye Ukuta wa Jirani

Uwamariya alikuwa amekwenda kununua chumvi tu, siku ile alipomkuta baba yake ukutani mwa watu.

Alisimama mlangoni mwa Mama Verdiane, jirani yao pale Bweremana, bakuli mkononi, asiweze kuingia wala kurudi. Papa Straton alikuwa juu ya magunia, amevaa koti lake la kahawia na kofia iliyolalia sikio la kushoto, ameegemea fimbo. Nyuma yake ng'ombe wawili walikuwa wakitoka katika ukungu, na kilima cha Karuba kilipanda polepole mpaka kikapotea mahali ambapo mtu hawezi tena kusema hapa ni majani na hapa ni mbingu. Uwamariya aliijua asubuhi ile. Ni yeye aliyepiga magoti kwenye umande, simu mkononi, akingoja jua lifike kwenye bega la baba yake.

Chini ya miguu ya baba kulikuwa na miezi kumi na miwili, kuanzia janvier hadi décembre. Chini ya miezi, jina la duka la fotokopi la pale barabarani, pamoja na namba ya simu.

“Pole sana, mutoto yangu,” Mama Verdiane akasema kwa sauti ya chini. “Hatukujua kama mulishapata habari yake. Leo asubuhi, wakati ulikuwa umeenda kuuza maziwa, tumepeleka kuni na maharagi kwa mama yako. Matanga iko siku gani?”

Uwamariya aliinua macho tena ukutani. Alikuwa ameshaona kalenda za namna ile katika nyumba nyingi: sura ya mtu mmoja, peke yake, na mwaka mzima chini yake. Jamaa huwatengenezea marehemu wao ili wasisahaulike. Ndivyo majirani walivyoelewa, na nani angewalaumu? Aliweka bakuli chini akakimbia.

Miezi kumi na moja ilikuwa imepita tangu waondoke Karuba, asubuhi ambayo milio ya silaha nzito ilisikika upande wa Mushaki. Papa Straton aliwaambia watangulie kwa njia ya ziwa. Yeye angepitisha ng'ombe kwa njia ya juu, kisha wangekutana. Mama na binti walifika Bweremana. Njia ya juu ikafungwa nyuma ya baba. Uwamariya alipokuwa akivuka mto, simu yake ilichukuliwa na maji, na pamoja nayo namba ambayo baba, asiye na simu yake, angeweza kumpigia kwa simu za watu, picha zote, hata neno la siri la Facebook ambalo hakuwahi kuliandika popote. Tangu siku ile sura ya Papa Straton ilibaki mahali pamoja tu, ndani ya macho ya watu wawili waliompenda.

Alimkuta mama yake, Mama Laurence, ameketi kwenye mkeka katika chumba walichopewa na wenyeji. Kuni zilikuwa zimepangwa vizuri mlangoni. Mama hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha binti.

“Wanasema Straton amekufa,” mama alisema. “Wameniimbia hata wimbo. Ni wewe ulitosha ile picha, ukawapatia watu?”

“Hapana, Mama.”

“Basi nani? Simu yako ilienda na maji.”

“Sijui. Lakini najua mahali ya kuuliza.”

*

Duka la fotokopi lilinuka wino na karatasi yenye joto. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa akinyoosha rundo la karatasi kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemtandikia mgonjwa shuka. Alikuwa na doa la wino kwenye kidole gumba, na mikono ya shati aliikunja mpaka kwenye kiwiko. Uwamariya alikuwa amemwona mara kadhaa kanisani. Watu walisema anaitwa Apollinaire, ametoka Butembo, wa familia ya wafanyabiashara wenye maduka na malori.

“Ni wewe mwenye kutengeneza hizi kalenda?”

“Ni mimi, dada. Karibu. Unataka moja? Tunazigawa bure kwa wateja.”

“Hii picha uliitosha wapi?”

“Ku internet,” Apollinaire akajibu, kwa utulivu ule ule ambao mtu angesema amechota maji kisimani. “Nilitafuta picha ya Masisi, ya ng'ombe na mulima. Nikaona nyingi. Lakini hii ilinikamata. Siku mbili nilikuwa naiangalia tu.”

“Ulimuuliza nani?”

“Kumuuliza? Dada, ilikuwa pale tu. Vitu vya internet iko vya kila muntu.”

“Maji ya ziwa iko ya kila muntu,” Uwamariya akasema. “Ukikuta mutumbwi imefungwa pembeni, utaenda nayo sababu iko juu ya maji?”

Apollinaire aliacha kunyoosha karatasi.

“Yule muntu iko Papa yangu. Na ile picha ni mimi nilipiga. Niliiweka ku Facebook, niliandika na jina yangu. Sasa watu wanamuletea mama kuni za matanga, na sisi hatujui kama Papa amekufa ao anaishi. Mwaka muzima tumelinda lile neno lisisemwe mu nyumba yetu. Wewe umelibandika ku ukuta ya kila jirani.”

Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya nyumba. Apollinaire alikaa kwenye kiti polepole, na rangi ya uso wake ikabadilika. Uwamariya alingoja visingizio. Alivijua vyote mapema: picha ilikuwa imeshapita mikono mingi, haikuwa na jina la mtu, nani angejua? Angesema hivyo tu, angeaminiwa.

“Jina ilikuwako,” Apollinaire akasema.

“Unasema nini?”

“Jina yako. Ilikuwa ku kona, pa chini. Uwamariya, Karuba. Nililisoma vizuri. Kisha nikalikata, sababu miezi ilikosa nafasi.”

Hapo Uwamariya akamtazama kwa mara ya kwanza, yaani kumtazama kweli. Alikuwa amekuja kukamata mwizi, na sasa mwizi alikuwa akijishitaki mwenyewe, macho yake hayakimbii. Yalikuwa macho makubwa yenye usingizi kidogo, ya mtu anayefikiri sana kabla ya kulala.

“Wakati ulisoma jina yangu, ulifikiri nini?”

“Nilifikiri iko jina ya muzuri.” Alisugua doa la wino kwenye kidole. “Nilifikiri pia kama mwenye jina iko mbali, hatajua. Pardon, dada Uwamariya.”

Alilitamka jina lile kama mtu aliyekaa nalo muda mrefu, na moyo wa Uwamariya ukalisikia. Akaukasirikia moyo wake.

“Pardon haiondoshe kuni ku mulango wa mama yangu.”

“Hapana. Zile kuni nitaziondosha mimi. Na kalenda nitazirudisha zote, nyumba kwa nyumba. Nafunga duka sasa hivi.”

Aligeuza kioo cha kompyuta upande wa Uwamariya. Picha ilikuwa nzima humo, haijakatwa. Upande wa kushoto alionekana ndama ambaye hakuingia kwenye kalenda, na kwenye kona, herufi nyeupe ndogo alizoziandika mwenyewe akiwa amekaa juu ya uzio wa Karuba, wakati ambapo bado walikuwa na uzio.

“Futa,” Uwamariya akasema. Lakini sauti ilimvunjikia katikati.

“Nitafuta ukisema mara ya pili.”

Hakusema mara ya pili. Alisogea karibu na kioo, karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu juu ya ukungu wa Karuba. Aliona kovu dogo kwenye kidevu cha baba yake, ambalo alikuwa ameanza kulisahau.

Apollinaire alichukua kadi ndogo ya simu, akaihamishia picha, akaifunga ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne. “Hii si zawadi,” akasema. “Ni yako toka zamani.” Kisha, Uwamariya akiona, aliifuta picha kwenye mashine yake. Kioo kikabaki cheusi, na sura zao wawili zikaonekana humo kwa mbali, bega karibu na bega.

“Na kama ningekuuliza?” Apollinaire akauliza kwa sauti ndogo. “Kama ningekuandikia mbele, ungenipa ruhusa?”

Uwamariya alifikiri. Swali lilikuwa la haki.

“Ningekupa nusu. Ni mimi nilipiga picha, lakini sura si yangu. Nusu ingine ungemuomba Papa.”

*

Siku iliyofuata, Bweremana nzima ilimwona kijana wa Butembo akipita barabarani na mzigo wa kuni kichwani. Wanawake walisimama na ndoo zao kumtazama. Alikwenda mlango kwa mlango akirudisha kila fungu kwa mwenyewe, akisema maneno yale yale: “Mama Laurence anashukuru, lakini hakuna matanga. Nilikosa mimi.” Mama Laurence alimwangalia kutoka mlangoni mwake akiondoka na fungu la mwisho.

Kalenda zilikuwa ngumu kuliko kuni. Mtu akishagongomelea kitu ukutani kwake huona ni chake. Ikabidi Uwamariya afuatane naye, kwa kuwa watu walimsikiliza yeye. Walipita kwa wauza samaki, kwa washona viatu, kwenye vibanda vya pwani ambako nyavu zilikuwa zimeanikwa. Kwa kubadilishana, Apollinaire alikuwa ametengeneza kalenda nyingine, na safari hii picha aliipiga mwenyewe: ziwa, mtumbwi mmoja, na upande wa juu kidole chake gumba.

Uwamariya alipoiona alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Karuba, na kicheko kilimtoka kwa shida, kama mlango uliokaa siku nyingi umefungwa.

“Iko mubaya sana?” Apollinaire akauliza.

“Ziwa imelala upande. Maji itamwangika.”

“Lakini sikuichukua kwa muntu.”

“Na kidole?”

“Kidole pia iko yangu.”

Mvuvi mmoja mzee alikataa kabisa kuitoa kalenda yake. “Huyu muzee ananiangalia vizuri wakati nakunywa chai,” alisema. “Bibi yangu alikufa. Sina mwingine wa kuniangalia.” Uwamariya alikaa naye kwenye ubao wa mlango, akamweleza habari ya njia ya juu na ng'ombe na miezi kumi na moja. Mvuvi alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaing'oa kwa mikono yake miwili, akamkabidhi kwa heshima kama anayemkabidhi mtoto. Wakatoka pale. Walitembea kando ya maji, na mawimbi madogo yalikuwa yakija na kurudi. Apollinaire alipunguza hatua zake zilingane na zake. Mikono yao ilikaribiana, haikugusana. Uwamariya alifika nyumbani na bado anahisi upande ule wa mkono una joto.

Watu wana macho. Mama Kanyere, shangazi wa Apollinaire aliyekuwa na duka la unga ukuta kwa ukuta na lile la fotokopi, alimwita kijana wake akasema maneno kwa sauti ambayo Uwamariya angeisikia.

“Wale iko watu wa ng'ombe, mutoto yangu. Siku ya mahari watakuomba kundi nzima. Sisi ng'ombe tunayoijua iko ile ya ndani ya sahani.”

Naye Mama Laurence, akichambua maharagi, alisema bila kuinua kichwa: “Mwanaume aliyechukua sura ya bwana yangu bila kuuliza, na wewe atakuchukua vile vile.”

“Mama, alikubali kosa.”

“Kukubali iko rahisi. Nangoja nione kama amejifunza kuuliza.”

Maneno hayo yalikaa kwa Uwamariya siku nzima. Jioni ilipokaribia walikuwa wameketi, yeye na Apollinaire, juu ya jiwe la pwani, rundo la kalenda katikati yao. Zimekwisha, Uwamariya alidhani. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya ng'ambo, na dunia nzima ilikuwa na rangi ya asali.

“Kuko zingine,” Apollinaire akasema.

“Wapi?”

“Walikale. Kaka Archange, dereva wetu, alipeleka fungu moja na lori ya unga, kwa njia ya Bukavu na Hombo. Ilikuwa wiki moja mbele ya wewe kuja ku duka.”

Uwamariya aliweka kiganja juu ya kalenda zisipeperuke. “Ulijua toka siku ya kwanza?”

“Nilijua.”

“Na ukanyamaza.”

“Niliogopa. Siku ya kwanza niliogopa hasira yako. Kisha...” Alitazama maji. “Kisha niliogopa kama zikimalizika haraka, hautakuja tena. Na kama nikikuambia kuko zile tusizoweza kufikia, utasema kazi imeharibika, utaenda.”

“Mama yangu alisema hujajifunza kuuliza. Mimi nilikutetea.” Uwamariya alisimama. Hakupandisha sauti, na ingekuwa heri angepandisha. “Umenikata tena ku kona, Apollinaire. Sababu nafasi ilikosa.”

Alipanda njia ya kwenda nyumbani asigeuke nyuma. Alitamani amfuate. Alimshukuru kwa kutomfuata. Na alipofika mlangoni hakujua kati ya mambo hayo mawili ni lipi lilimliza.

*

Siku nane zilipita. Uwamariya alikwenda kutafuta maziwa ya kuuza, akarudi. Alifua, alipika, aliitika akiitwa. Lakini nafsi yake ilikuwa ikitembea mahali pengine. Akiona karatasi nyeupe, alikumbuka viganja vilivyoinyoosha. Akipita karibu na ziwa, aliliona limelala upande, na tabasamu likamjia kabla hajalizuia. Mara mbili alizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya duka la fotokopi, na mara zote mbili moyo wake ulipita kwa njia fupi.

Siku ya tisa, kabla ya mchana, Apollinaire alitokea uani kwao. Alikuwa amekimbia, shati lilimgandia mgongoni. Mkononi alishika simu, ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa mpaka mdomoni.

“Mama Laurence,” akasema, akihema. “Munisamehe kuingia hivi. Kuko muntu ku simu. Iko na hasira sana. Nafikiri... nafikiri muzuri mumusikilize nyinyi.”

Alibonyeza sauti itoke. Kwanza ulikuja upepo, kisha kukohoa, kisha sauti ya mzee, kavu, iliyochoka, yenye uchungu wa mtu aliyeonewa.

“Allô? Kijana, ulienda wapi? Nakuuliza mara ya tatu sasa. Ni nani alikupa ruhusa ya kuniweka ku ukuta? Hapa Walikale watoto wananiita Papa Kalenda. Naingia kwa mama mwenye kuuza unga, najikuta pale nasimama na ng'ombe zangu ambazo hata siko nazo tena, na namba yako chini ya miguu yangu. Nani alikuambia mimi iko kitu ya kuhesabia siku?”

Ungo wa maharagi ulimtoka Mama Laurence mikononi. Maharagi yalitawanyika uani kote, na hakuna aliyeyaangalia.

“Straton,” mama akasema.

Simuni ulirudi upepo. Upepo tu. Uwamariya alidhani mtandao umekatika, akamshika mama yake mkono.

“Rudilia,” sauti ikasema, na sasa ilikuwa sauti nyingine kabisa. “Rudilia kusema vile.”

“Straton. Ni mimi. Niko na mutoto. Tuko wazima.”

Kilichosemwa baada ya hapo hakikuwa na mpangilio. Mzee alikuwa ametembea na ng'ombe kwa majuma, akinyang'anywa wawili hapa, watatu pale, mpaka akafika Walikale na fimbo tu. Homa ilimlaza. Mama mwenye kuuza ndizi alimpa kona ya kulala na uji. Alipopata nafuu aliomba simu za watu akapiga namba ya binti yake, kila mara bila kupatikana, mpaka akaogopa kuendelea kupiga. Mama Laurence alijibu kila jambo kwa neno moja, ndiyo, ndiyo, huku machozi yakimtiririka bila sauti, machozi ya miezi kumi na moja aliyokataa kuyatoa.

Uwamariya alizungumza na baba yake mpaka salio likaisha. Alipoinua macho, Apollinaire hakuwa tena uani. Alimkuta nje ya uzio, amejiinamia, anaokota maharagi yaliyokuwa yameviringika mpaka huko.

“Mbona umetoka?”

“Yale haikuwa maneno yangu ya kusikia. Sikualikwa.”

Akasimama na maharagi kiganjani. Uwamariya alimwona amekonda kidogo kwa siku zile nane, kama yeye.

“Usinishukuru,” Apollinaire akasema haraka, kabla Uwamariya hajafungua mdomo. “Watu watasema kosa yangu iligeuka baraka. Haikugeuka. Mama yako aliletewa kuni za matanga na bwana yake anaishi. Kama Papa hangeingia mu lile duka, mimi ningebaki nani? Nilichukua picha bila kuuliza, nikakata jina, na nikakuficha fungu la Walikale. Mungu alifanya yake. Yangu iko pale pale.”

Uwamariya alimtazama. Alichukua maharagi kutoka kiganjani mwake, moja moja, hakuwa na haraka, na kila lililotoka vidole vyake viligusa mstari wa mkono ule wenye doa la wino.

“Kaka Archange iko bado kule?” akauliza.

“Anapakia kesho. Nitamupigia. Nitamwambia amuweke Papa mbele, karibu na dirisha, na amupe blanketi. Lakini...” Akasita. “Sijui kama mutakubali arudi na lori yetu. Ndiyo maana nauliza. Mutakubali?”

“Tutakubali.”

“Na mimi? Mutakubali nimungojee pamoja na nyinyi?”

Nyuma yao, uani, Mama Laurence alikuwa amekwisha kuokota ungo. Alisikia. Uwamariya aligeuka kumwangalia, na mama akaendelea kupepeta, lakini kichwa kiliinama mara moja, kidogo sana.

“Kuja kesho,” Uwamariya akasema. “Ukuje na ile kalenda yako yenye kidole. Ukuta wetu iko bila kitu.”

*

Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Hombo, na lori lilichukua siku kumi na mbili. Kila siku Apollinaire aliketi nao, akisema kidogo. Mama Kanyere mwenyewe, kwa kisingizio cha kuulizia lori la mpwa wake, alianza kuja na unga, akakuta anapenda maziwa yaliyoganda ya Mama Laurence kuliko alivyotaka kukiri.

Lori liliingia Bweremana mchana, likiwa na tope mpaka kwenye vioo. Papa Straton alishuka mwenyewe, akikataa mikono ya watu. Alikuwa amepungua, koti lilimning'inia kama limeazimwa. Mama Laurence alimwendea bila haraka. Walishikana mabega kwa salamu ndefu ya kwao milimani, paji la uso likaribie paji la uso, wakakaa hivyo mpaka dereva Archange akazima injini kwa heshima. Kisha mzee alimpokea binti yake kifuani, na Uwamariya akanusa moshi na mvua na, chini ya vyote hivyo, baba yake.

“Bon,” Papa Straton akasema hatimaye, akijifuta macho kwa mkono wa koti. “Mwizi wa sura yangu iko wapi?”

Watu walipisha. Apollinaire alisogea mbele, mikono imeshikana mbele yake.

“Ni mimi, Papa. Ninaomba musamaha.”

“Musamaha nilikupa ku Hombo, tulipokwama mu tope na nikachoka kukasirika.” Mzee alimpima kutoka viatu hadi kichwa, kama anavyopimwa ndama sokoni. “Archange amesema mengi juu yako. Dereva anasifu muntu siku kumi na mbili, ao anadanganya, ao iko kweli. Nitaangalia mimi mwenyewe.”

“Ndiyo, Papa.”

“Sasa nataka picha ingine. Ile ya zamani iko na ng'ombe, na ng'ombe zimeenda. Nataka ya leo, na bibi yangu. Mutoto, uko na simu?”

Uwamariya hakuwa nayo. Apollinaire alimpa yake. Wazee wawili walisimama kando ya lori, Mama Laurence akamnyooshea mumewe kola. Uwamariya aliinua simu. Mwanga ulikuja kutoka ziwani, laini, ukiwagusa wote wawili usoni.

“Ngoja,” Papa Straton akasema. Alinyoosha fimbo kuelekea kwa Apollinaire. “Na wewe, kuja.”

“Mimi, Papa?”

“Nakuuliza. Unakubali kuonekana na sisi?”

Apollinaire alimtazama Uwamariya, kisha mama yake, asijue aweke wapi miguu. Ndipo Mama Laurence, aliyekuwa amengoja karibu mwaka mzima kusimama ubavuni mwa mume wake, akasogea hatua moja pembeni. Ikabaki nafasi katikati yao, ya kutosha mtu mmoja.

“Nakubali,” Apollinaire akasema, akaingia.

Uwamariya aliwatazama watatu ndani ya kioo kile kidogo. Akaishusha simu. Akawaomba wasubiri kidogo, kwa kuwa alikuwa hawaoni vizuri.